Kodiani ya marehemu inauzwa bei gani? Niliyojifunza kati ya Houston na Louisiana

Siku hizi mtu akinitumia picha ya kodiani iliyotengenezwa kwa mkono Louisiana akaniuliza "hii shilingi ngapi", namuuliza kwanza iko ki gani, yaani imetengenezwa kwa noti ipi ya msingi, na mbele limeandikwa jina la nani. Umri wake sina haja nao sana, mbao inavyong'aa ndo kabisaa. Hiyo tabia nimeipata kwa kuzunguka na kodiani moja ya marehemu jirani yetu hapa Houston mpaka ikapata mtu, na njia nzima nilikuwa nakutana na bei ambazo hazifanani hata kidogo.

Mimi mtu wa Tanga, napiga kibodi kwenye kanisa letu la Kiswahili huku, wengi wetu ni Wakongo na Warundi, na pembeni nanunua vyombo vya muziki vilivyotumika, natengeneza, nauza. Magitaa, kibodi, spika, vitu hivyo. Kodiani nilikuwa nazijua za taarab tu. Sasa huyu bibi jirani ni Mkreoli, wale watu weusi wa Louisiana wenye asili ya lugha ya Kifaransa, wazee wao walitoka Louisiana wakaja Houston kutafuta kazi kama Wakreoli wengi wa miaka ya 1920, wakakaa mtaa wa Fifth Ward ile sehemu wanaiita Frenchtown, na mume wake enzi za uhai alikuwa anapiga kodiani kwenye dansi za zydeco, muziki wa Wakreoli wa kuchezea unaoongozwa na kodiani, zinazofanyika kwenye kumbi za makanisa ya Kikatoliki. Alipofariki bibi akaniita akaniambia mwanangu wewe unauza vyombo, hebu niangalizie hiki kitu ni hela ngapi, maana mwanangu mimi ananiambia dola 6,000 na mwenye duka la rehani kaniambia 150.

Yaani 6,000 na 150, chombo kilekile wiki ileile. Hapo ndo nikajua kuna kitu cha kujifunza.

Kwa msomaji ambaye hajaiona: usiwaze ile kodiani kubwa ya taarab yenye vitufe vya piano kulia na utitiri wa besi kushoto. Hii ndogo, unaiweka kwapani unatembea nayo. Kulia ina mstari mmoja wa vibonyezo 10, kushoto viwili tu, kimoja besi kimoja kordi, pamoja na kitufe cha kutolea upepo. Juu ina vishikio vinne vya kuvuta, kila kimoja kinafungua safu yake ya ndimi, vile vijichuma vinavyotoa sauti, na ukisukuma mivukuto unapata noti moja, ukivuta kibonyezo hichohicho kinatoa noti nyingine. Sasa piga hesabu, vibonyezo 10, noti mbili kila kimoja, safu nne, hizo ni ndimi 80 upande wa kulia peke yake. Mtu anayekwambia "kakodiani kadogo tu haka" hajui humo ndani kuna chuma kiasi gani cha kutyuniwa.

Mwenye duka la rehani namuelewa kwa kweli. Kuna kodiani za kiwandani, za Kichina, zina vibonyezo 10 hivyohivyo na umbo hilohilo, zinauzwa mpya kwa dola mia mbili tatu hivi, na yeye akipiga picha kwa simu akatafuta, hizo ndo zinamjia. Kwake zote ni kaboksi kenye vibonyezo. Akitoa 150 kaacha na faida yake.

Mtoto wa bibi naye alikuwa na ushahidi wake, alikuwa kaona tangazo onlaini la kodiani inayofanana kabisa na ya baba yake inauzwa 6,000. Nikaenda kulitazama hilo tangazo, nikakuta limewekwa tangu baridi ya mwaka uliopita na bado lipo. Sasa bei ambayo mtu ameomba na hajapewa unaiitaje bei? Hiyo ni ndoto ya muuzaji. Nikaacha matangazo nikaanza kuwatafuta watu walionunua kweli, wapigaji wenyewe, nawauliza bila aibu ndugu yangu ulitoa ngapi, ilikuwa na hali gani, ulinunua kwa nani. Wapigaji wanapenda kuongea kuhusu kodiani zao hatari, ukimuuliza bei anakupa na hadithi ya mke alivyokasirika.

Kwenye hayo maongezi nikaelewa kwanini jina la fundi lina uzito hivo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kodiani za Louisiana zilikuwa zinatoka Ujerumani, zile nyeusi za chapa ya Sterling na Monarch ambazo mpaka leo wazee wakizitaja wanabadilika sauti. Vita ikakata huo mzigo, na hata baada ya vita haukurudi kama zamani. Na bahati mbaya, au nzuri sijui, ni wakati huohuo kodiani ilikuwa inarudi kupendwa, maana miaka ya 1930 ilikuwa imesukumwa pembeni na bendi za fidla na magitaa, halafu mwishoni mwa miaka ya 1940 akaja mpigaji Iry LeJeune akairudisha kwenye santuri na watu wakaitaka tena. Watu wanaitaka, vyombo hakuna. Ndo wakaanza kufungua zile za Kijerumani zilizochoka, kuzichungulia ndani na kutengeneza zao. Sidney Brown wa Lake Charles ndo anatajwa sana kama wa kwanza kuzitengeneza pale Louisiana. Baadaye Marc Savoy akafungua duka lake nje kidogo ya mji wa Eunice mwaka 1966, kodiani zake zinaitwa Acadian, na pale dukani Jumamosi asubuhi wapigaji wanakusanyika wanapiga pamoja. Toka hapo mafundi wakaongezeka, wengine wana jina kubwa, wengine ni mtu kastaafu kazi yake anachonga kodiani kwenye banda nyuma ya nyumba, anatengeneza chache tu maisha yake yote, na baadhi ya hizo chache ni nzuri mno.

Kwahiyo hakuna bei ya "kodiani ya Cajun" (ndo jina la hizi, kutokana na Wacajun, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa), kuna bei ya kodiani ya fulani. Kwa fundi aliye hai mwenye foleni ndefu, ya mtumba inaweza kuuzwa karibu sawa na mpya, maana mnunuzi analipia kutosubiri. Kwa fundi aliyekufa mambo mawili yanaweza kutokea. Kama alikuwa mkubwa, wakusanyaji wanaanza kuzitafuta na bei inapanda. Kama alikuwa wa kijijini, nje ya kijiji jina lake halimwambii mtu kitu, na mnunuzi anawaza ikiharibika nampelekea nani.

Ya marehemu ilikuwa ya hao wa pili. Fundi wa kijijini, keshafariki, jina zuri limechongwa mbele, na ndani kaandika tarehe kwa penseli.

Kabla ya kuongea bei nikaifungua. Na hapa ndo napataka watu wapakazie macho, maana ununuzi wa kodiani ni kama wa jahazi, wengi wanasifia tanga na rangi wakati mwenye hela anazama chini kutazama mkuku. Mbao ya hii ilikuwa mepo yenye mawimbi, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kama inatembea, na kila aliyeiona alianza na "duh, mbao hiyo". Mbao inaongeza kitu kweli, hasa kama ni ule msaiprasi wa zamani uliozama mtoni miaka mingi ndo ukatolewa, lakini haiwezi kuokoa kodiani inayovuja.

Kwahiyo kwanza upepo. Unafunga mivukuto, unaifungua kamba yake, unaishika upande mmoja unainyanyua bila kubonyeza chochote, uache uzito wa upande wa chini uvute. Ikishuka taratibu kama haitaki, ni nzima. Ikidondoka puu, kuna pahali inavuja, inaweza kuwa kona za mivukuto, inaweza kuwa ngozi za vile vifuniko vinavyofunguliwa na vibonyezo zimekauka, na hiyo ya pili ni rahisi kutengeneza kuliko ya kwanza. Yetu ilishuka kwa kasi ya katikati. Nikaandika.

Halafu unafunga vishikio vyote unafungua kimoja, unapiga kila kibonyezo kusukuma na kuvuta, unafunga unafungua kinachofuata. Kazi inachosha ila ndo penyewe, maana safu zote nne zikilia pamoja ulimi mmoja mbovu unajificha nyuma ya wenzie. Nilikuta ndimi mbili zinachelewa kuamka na mmoja unakoroma.

Kisha unavuta pini zinazoshika mivukuto, unaitenganisha, unaangalia ndimi kwa macho. Mafundi wengi wa Louisiana wanaagiza ndimi Italia, kuna daraja za kiwandani na kuna zilizofanyiwa kazi kwa mkono ambazo ndo ghali, na wajuzi wanaangalia rangi ya bluu kwenye kingo za chuma pamoja na misumari iliyozishika kama imegongwa kwa mkono. Unatafuta kutu. Houston na Louisiana zote zina unyevu wa ajabu, mtu wa pwani unajisikia nyumbani kabisa ila chuma hakijisikii nyumbani. Hii ilikuwa na vidoa vichache tu, afadhali. Vile vijingozi vinavyoziba upande wa pili wa ulimi baadhi vilikuwa vimejikunja. Na nta ilikuwa bado imeshika, maana ndimi nyingi zinashikwa na nta ya nyuki, ndo maana kodiani haiachwi kwenye buti la gari mwezi wa nane Texas, humo ndani joto linafika pa kulegeza nta na ukirudi utakuta ndimi zimelala upande. Nimeshaona ya mtu mwingine hivyo, inatia huruma.

Sasa tyuni. Nimewasha tyuna ya simu, napiga noti moja moja, nakuta ile sauti ya tatu ya skeli imeshuka, na imeshuka kila mahali kwa kiasi kinachokaribiana, kama senti 14 hivi (sio za hela, kwenye muziki senti 100 ni nusu toni). Mpiga kibodi yeyote angesema kodiani imechakaa, itoe 400 kwenye bei. Ila mimi kilichonishtua ni huko kushuka kwa utaratibu. Chombo kinachochakaa kinachakaa ovyo, huyu juu yule chini, hakichakai kwa adabu. Nikampigia fundi mmoja wa upande wa Crowley, kule Louisiana, kumuuliza, akacheka, akaniambia usiguse kitu. Kumbe wengi wao wanaishusha ile noti makusudi, ili kordi itulie, isitetemeke, ikae na fidla. Kwenye kibodi yangu noti hiyo iko juu kidogo kwasababu piano imegawanywa sawasawa, masikio yetu yameshazoea ule ukali. Nikakumbuka hata Wamisri nao wanatyuni kodiani zao kivyao wapate robo toni za maqam, zile skeli za Kiarabu, mtu akizipima kwa piano atasema zote mbovu.

Na hii inaingia kwenye bei moja kwa moja. Kama mnunuzi ni wa muziki wa kienyeji na fidla, ile tyuni ni sifa. Kama ni wa bendi yenye kibodi na gitaa la besi, anaweza kutaka inyooshwe, hiyo ni gharama yake. Ila muuzaji akijitia kuinyoosha kabla ya kuuza, keshakwangua chuma cha ndimi, na chuma ukishakikwangua hakirudi. Bora ukae kimya uuze ilivyo, ukiwa umesema ilivyo.

Ki yake ilikuwa C, na hapo tulikuwa na bahati. C na D ndo zinazotafutwa zaidi, anayejifunza karibu kila mara anaanza na C. Zile za ki zingine zinauzwa pia ila unamsubiri mtu ambaye tayari ana ya C na anaongeza ya pili, na huyo hana haraka.

Mambo mengine nilipita haraka: mikwaruzo ya bizimu ya mkanda nyuma, ngozi ya dole gumba imeliwa na jasho, boksi gumu lipo na kufuli inafanya kazi. Mikwaruzo kwa wapigaji sio tatizo sana, inaonyesha imepigwa, na kodiani iliyokaa kabatini miaka kumi bila kuguswa mara nyingi ina shida kuliko iliyotoka jasho kila Jumamosi.

Kuna na hili la historia. Mtoto wa bibi alikuwa anasema baba aliwahi kupiga na mtu fulani maarufu, hivyo kodiani ina thamani ya makumbusho. Nikamuuliza kwa heshima, kaka, picha iko wapi? Karatasi je, barua, chochote? Hakukuwa na kitu. Basi kwenye soko hiyo hadithi ni ya familia, itunzeni, ila mnunuzi hailipii.

Hesabu yangu ikawa hivi. Mpya za daraja lile nilikuwa nimetajiwa kama 2,600. Iliyotumika ya fundi ambaye hayupo na hana jina kubwa, wale niliowauliza walikuwa wamelipa kama theluthi mbili ya hapo, tuseme 1,700. Toa matengenezo, yule fundi wa Crowley alikadiria 350 kwa ndimi tatu, vijingozi na kuziba upepo. Unabaki na 1,350. Rudisha kidogo kwa ajili ya ki ya C na boksi. Nikamwambia bibi, mama, tuombe 1,700 na tusishuke chini ya 1,400. Mtoto akanuna.

Nikaanza Houston maana ndo karibu. Bei kubwa niliyopewa hapa ni 900, na aliyenipa alikuwa mpigaji mzuri tu sio tapeli, ila alisoma lile jina mbele halikumwambia kitu. Hapo ndo nikamchukua bibi, tukashika barabara ya I-10, Beaumont, Lake Charles, tukapandisha mpaka kule mashambani kwenye mpunga na mabwawa ya kamba wa maji baridi. Kule tulikoenda kulikuwa na watu wanapiga ukumbini, fidla, gitaa, chuma cha pembetatu, nikaomba mzee mmoja aijaribu. Kabla hajavaa kamba akasoma jina mbele akasema, "Huyu namjua, alikuwa anakaa njia ya kwenda kanisani kwetu." Halafu akaipiga. Watu wawili wakasogea na viti vyao.

Jina lilelile ambalo Houston lilikuwa halina maana, mwendo wa masaa matatu na nusu hivi likawa na thamani ya mamia ya dola. Mbao haikubadilika, ndimi zilezile mbovu tatu. Tulipata 1,550 kutoka kwa dada mmoja ambaye mjomba wake alikuwa na ya fundi huyohuyo, nikamuonyesha karatasi yangu ya kasoro zote, akasema matengenezo anajua pa kupeleka. Nilikuwa nimewaza pia kuiacha dukani iuzwe kwa kamisheni, duka moja lilitaka asilimia 20, ambayo kwa mtu asiye na muda wa kusafiri sio mbaya, wanakupa na mnunuzi anayeaminiwa. Sisi muda tulikuwa nao na bibi alitaka kwenda kuwaona ndugu zake hata hivyo.

Sasa kwenye hilohilo kabati la marehemu kulikuwa na boksi lingine, mtoto alikuwa anataka kulitupa. Ndani kuna kodiani nyeusi ndogo, mivukuto imechanika, vibonyezo viwili havipo, jina Sterling. Ile ya Kijerumani ya kabla ya vita. Hapo hesabu yangu yote ya juu haifanyi kazi, maana mnunuzi wake hanunui chombo cha kupiga kesho, ananunua ama cha kuhifadhi ama cha kufufua, na hao wawili hawalipi sawa. Mwenye kuhifadhi anataka kila kitu kiwe cha asili hata kama hakilii, ukimwekea mivukuto mipya umemharibia. Fundi anazitaka ndimi zake na vile vyuma vya ndani, mbao hana habari nayo. Kwahiyo nimemwambia bibi hii tusiitengeneze, hata kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta asiifute, afute vumbi tu kwa brashi kavu aiweke chumbani kwenye kiyoyozi.

Mpaka sasa tumepata maulizo mawili, fundi mmoja kasema 300 atoe ndimi, na mtu mwingine anataka picha za ndani kabla hajataja kitu, huyo wa pili ndo nampenda. Mwezi wa kumi kuna tamasha la muziki la Festivals Acadiens et Créoles pale Lafayette, Louisiana, wapigaji na mafundi wanakuwa wengi sehemu moja, tutaibeba hukohuko. Mtoto wa bibi keshaanza kutafuta matangazo onlaini, jana kanitumia moja la Sterling, nikamjibu angalia kwanza limewekwa lini.